Mlima Nyuma ya Ubao

Katika darasa la kwanza nililopewa kufundisha huku Kyela, ubao ulikuwa ukuta wa mashariki, na kila upande wa ubao palikuwa na dirisha lisilo na kioo. Katika madirisha yote mawili ulionekana mlima uleule: safu ya Livingstone, imesimama kando ya Ziwa Nyasa kama ukuta wa boma. Mimi nilisimama katikati, mgongo nimeuelekeza mlimani, chaki mkononi, nikichora mto wa barafu wa Uswisi. Ilikuwa miaka ya 1970. Vitabu tulivyokuwa navyo vilitungwa mbali, nasi tulivifuata kama tulivyovikuta. Watoto waliotoka nyumbani alfajiri, wakavuka majaruba ya mpunga yaliyojaa maji, walijifunza namna barafu inavyochonga bonde. Waliandika vizuri, na wengi walifaulu.

Siku moja mwanafunzi wa dawati la nyuma alinyosha mkono. "Mwalimu," akauliza, "na ule nao umechongwa na barafu?" Nikageuka, nikautazama mlima kana kwamba ndiyo kwanza unaletwa. Kisha nikamjibu, "Hilo halimo kwenye mtihani. Endelea kuandika." Wenzake wakacheka, naye akainama akaandika.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na baadaye mkuu wa shule, na nimetoa majibu mabaya mengi. Hilo ndilo linalonirudia mara kwa mara. Ndiyo maana katika sura hii nataka kuzungumzia jambo ambalo wengine watalidhani ni la wataalamu peke yao: namna tunavyotumia mapango, milima, maporomoko na mawe ya nchi yetu kuwafundisha watu wa kawaida habari za ardhi wanayoikanyaga. Nitayapima maeneo hayo kama nilivyozoea kupima somo la mwalimu mwanafunzi. Sitauliza kama mahali panapendeza. Nitauliza kama mgeni anaondoka akijua jambo ambalo hakulijua, na kama ataweza kulitumia afikapo kwake.

Swali hilo si la kujifurahisha. Usiku wa tarehe 6 Desemba 2009 ardhi ilitikisika. Kitovu kilikuwa upande wa Karonga, nchini Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, lakini ardhi haijui mpaka. Mitetemeko ilifuatana kwa majuma mawili, hadi lilipokuja kubwa kuliko yote, la kipimo cha 6.0, usiku wa kuamkia tarehe 20. Karonga watu walipoteza maisha na nyumba nyingi zikabomoka. Huku kwetu tulilala nje, tumejifunika mablanketi na vitenge, tukisikiliza. Mmoja alisema ziwa litapanda. Mwingine alisema mlima utateremka. Wa tatu alisema ni adhabu, na akaanza kutaja majina ya waliokosa.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Asubuhi moja alikuja kwangu fundi mwashi, mtu mzima mwenye watoto. Nilimtambua: ni yule wa dawati la nyuma. Aliamkia kwa heshima, akakaa, akasema, "Mwalimu, ule mlima ndio unaotutikisa?" Safari hii sikuthubutu kumwambia kwamba halimo kwenye mtihani. Nikamjibu kwa sauti ya mkuu wa shule, "Ndiyo, ni ule mlima." Jibu hilo nalo lilikuwa na kosa, na nitalieleza mbele. Kwanza tuingie mapangoni.

Pango ni darasa ambalo Mungu amekwisha kulijenga. Lina giza, lina ubaridi, na mtu akiingia ndani hunyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Mwalimu gani asingependa darasa la namna hiyo? Mashuhuri kuliko yote nchini ni Mapango ya Amboni, karibu na Tanga. Ni mapango ya mawe ya chokaa, na chokaa hiyo ilijengeka chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita. Hilo peke yake latosha kumkalisha mtu chini: nchi kavu tunayopita kwa basi ilikuwa sakafu ya bahari. Lakini mgeni wa Amboni hukumbuka mambo mengine. Hukumbuka mawe yaliyoonyeshwa kwa tochi kwamba hili linafanana na kiti, hili na mnyama fulani, na hili na sanamu ya Marekani. Hukumbuka pia masimulizi ya njia za chini kwa chini zinazofika Mombasa au Kilimanjaro. Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani na Uturuki waliyapima mapango hayo, wakaona lile refu kuliko yote ni la kiasi cha mita 900.

Siyalaumu mafanano. Mtoto huanza kujua mambo kwa kuyafananisha, na mtu mzima hana aibu kuanza hapohapo. Kosa ni kuishia hapo. Katika pango moja nililowahi kuingia, ambalo silitaji jina, kijana aliyetuongoza alitutajia mafanano kumi na mawili. Nikamwuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, haya mawe yanayoning'inia yalifikaje juu?" Akajibu kwa haraka, "Ni maumbile, mzee." Neno hilo "maumbile" limefunga midomo mingi kuliko kiboko. Nililisikia nikatabasamu, maana kijana yule alikuwa amefanya kilekile nilichokifanya mimi darasani. Aliulizwa swali zuri, akafunga mlango.

Na jibu lenyewe si gumu. Mvua ikipenya kwenye udongo huchukua hewa iliyomo humo na kupata ukali kidogo, mfano wa maji mengi yaliyotiwa tone la limau. Maji hayo huila chokaa polepole na kuacha uwazi. Yakifika kwenye dari la pango na kudondoka, huacha chembe ndogo ya chokaa mahali pale, tone baada ya tone, hata jiwe linaota kama mshumaa uliogeuzwa. Kila mama anayechemshia maji birika moja kwa miaka mingi ameona magamba meupe ndani yake. Mpeleke mama huyo pangoni na birika lake, naye atamfundisha mwongozaji.

Wala hatuna haja ya kwenda Tanga. Kule Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya, ziko chemchemi za maji ya moto, na karibu nazo yako mapango yanayojulikana kwa popo wake. Maji ya moto yalipanda kutoka chini yakiwa yamebeba chokaa, yakaitua juu, tabaka juu ya tabaka. Chokaa ya Songwe ndiyo iliyofanya kiwanda cha saruji kijengwe hapo. Kwa hiyo nyumba yenye sakafu ya saruji huku Kyela yaweza kuwa imekanyaga mawe yaliyopikwa na chemchemi zile. Mtu akiambiwa hivyo mbele ya pango hatalisahau, kwa sababu ataondoka nalo mpaka sebuleni kwake.

Tukiacha mapango, tutazame Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, kule Rungwe. Ni upinde wa mwamba uliovuka mto, na watu huvuka juu yake. Karibu na Chuo cha Magereza pako Kijungu, mahali ambapo mto uleule unaingia katika chungu cha mawe na kuzunguka kwa ghadhabu. Majina haya mawili ni kazi ya watu waliotazama vizuri. Aliyesema "chungu" aliona umbo la duara, na aliyesema "daraja" aliona kwamba jambo la ajabu ni maji kupita chini ya mwamba usioanguka. Hapo ndipo somo linapoanzia. Kwa nini maji yalipita chini, yasipite juu? Wataalamu hueleza kwamba mwamba ule ni lava, yaani uji wa moto uliotoka volkanoni, ukateremka bondeni, ukapoa na kuganda, na mto ukajitafutia njia chini yake mahali palipokuwa dhaifu. Kwa maneno mengine, daraja halikujengwa juu ya mto. Mto ndio uliojichimbia chini ya daraja. Mgeni akiambiwa ageuze mawazo yake hivyo, hukaa akitazama kwa robo saa. Akiambiwa jina la mahali na kuombwa ada, hupiga picha akaondoka.

Nimeona mahali pamoja ambapo somo lilipangwa kwa akili, pengine bila kukusudia. Ni kwenye Kimondo cha Mbozi. Chuma hicho kilichoanguka kutoka angani kina urefu wa kiasi cha mita tatu. Uzito wake umekadiriwa kwa tani 12, na wengine husema 16. Kilianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa nacho siku zote. Hapo mwanzo kilikuwa kimezama ardhini, sehemu ya juu tu ikionekana. Waliokichimbua hawakukiinua. Walichimba udongo pande zote na kukiacha kimekaa juu ya nguzo ya udongo wake wenyewe, na baadaye nguzo ikaimarishwa. Kwa hiyo hata leo mgeni anaona mambo mawili kwa mara moja: jiwe lilivyo, na jinsi lilivyokuwa limelala. Na mgeni mwenye macho atauliza mara moja: kitu kizito namna hii kilipoanguka, shimo lake liko wapi? Halipo. Kilianguka zamani mno, hata mvua na upepo vimekwisha kulifuta. Mahali panapomfanya mtu aulize habari ya kitu kisichoonekana, hapo pana mwalimu.

Sasa turudi ziwani. Pwani ya mashariki, kupita Matema, karibu na Ikombe kwa Wakisi, liko pango ambalo wazee walilihusisha na Kyala. Katika masimulizi ya kale Kyala alikuwa shujaa mwenye nguvu za kiungu, na pango lile lilikuwa mahali pake pa kutolewa sadaka. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika habari za ibada hizo. Leo jina Kyala ndilo tunalomwitia Mwenyezi Mungu makanisani. Basi pango hili si la kuchezea. Mtu anayetaka kulifanya darasa yampasa kwanza avue kofia.

Nilikwenda huko kwa mtumbwi, baada ya kustaafu. Kijana mpiga kasia hakuwa mwongozaji wa wageni, alikuwa mvuvi. Tulipokuwa tukipita chini ya ukuta wa mlima, karibu mno hata ningeweza kuugusa mwamba kwa kasia, nikamwuliza kina cha maji. Hakunijibu kwa tarakimu. Alifunga jiwe kwenye mshipi wake akauteremsha. Mshipi ukaenda, ukaenda, hata ukaisha mkononi mwake bila jiwe kugusa chini. Akanitazama akacheka. "Huku ndivyo ulivyo, Mwalimu," akasema. "Kule kwenu Kyela mtu anatembea ndani ya maji mpaka achoke, na bado yako kiunoni."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimesoma juu ya Bonde la Ufa kwa miaka arobaini, na siku ile ndipo nililielewa. Ukuta ule wa Livingstone hauishii kwenye maji. Unaendelea kushuka chini yake. Ardhi imekatika hapo, upande mmoja ukabaki juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa ziwa, na upande mwingine ukazama. Ziwa limejaza shimo lililobaki, na chini ya ziwa yamo matope na mchanga ulioletwa na mito kwa mamilioni ya miaka, unene wa kilomita kadhaa, ndipo uupate tena mwamba wa kale. Miamba ya ukuta ule ni migumu, iliyopikwa ndani ya ardhi zamani sana, na haiyeyuki kama chokaa ya Amboni. Basi pango limetokeaje ndani yake? Hilo ni swali jema la kumwachia mgeni aende nalo, atazame nyufa za mwamba na mawe makubwa yaliyoanguka, apime mwenyewe.

Kuna watakaosema kwamba nikileta maelezo ya namna hiyo nitaua hadithi za wazee. Mimi naona kinyume chake. Mfano wangu ni Kyejo, mmoja wa milima ya volkano ya Rungwe, ambao ulitoa lava yapata mwaka 1800. Mwaka huo haukupatikana maabarani. Wanajiolojia waliochunguza milima ile katikati ya karne ya 20 waliupata kutoka kwenye masimulizi ya wenyeji, waliokuwa wakikumbuka kwa vizazi vyao kwamba moto ulitoka mlimani. Mtaalamu alilipima jiwe, mzee akampa tarehe. Kama mababu zetu wangalionywa kwamba masimulizi ni upuuzi, sayansi yenyewe ingalipoteza ukurasa.

Vivyo hivyo kwa mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu vya Ikombe, vinavyouzwa gulioni Matema. Muulize mfinyanzi udongo upi utapasuka motoni na upi utastahimili, naye atakujibu kwa vidole kabla hujamaliza kuuliza. Hiyo ni elimu ya miamba, ila haijapewa cheti. Mkulima wa mpunga naye anajua kwamba mafuriko ya masika yanamsumbua na kumlisha. Hajaambiwa tu kwamba sehemu ya rutuba ile ni majivu ya volkano, yaliyoteremshwa na Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutoka Rungwe.

Mambo haya yanaweza kufundishwa kwa barabara moja tu, ile inayoshuka kutoka Tukuyu kuja Kyela. Juu, kando ya barabara, ambapo kilima kimekatwa, huonekana tabaka la mawe mepesi yenye matundu, kama yale ya kusugulia miguu. Ni mabaki ya mlipuko mkubwa wa Rungwe wa yapata miaka 4,000 iliyopita. Ukikengeuka kidogo unalifikia ziwa la Masoko, tundu la volkano lililojaa maji, ambalo tope la chini yake limehifadhi habari za mvua na ukame za zaidi ya miaka 40,000. Kisha unashuka bondeni kwenye mpunga na kakao, na mwisho wa safari ni ziwa na ukuta wa Livingstone. Ni safari ya siku moja. Katika siku hiyo mtu anaona moto, maji, udongo na ufa, kila kimoja kikimzaa mwenzake. Mimi niliipita barabara hiyo mamia ya mara nikiwa nimesinzia ndani ya gari.

Na wenzetu wa ng'ambo wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Karonga, mwendo mfupi kutoka daraja la Songwe, ipo nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 2004. Ndani yake umesimamishwa mfano wa mifupa ya dinosaria aliyepewa jina la nchi, Malawisaurus, urefu wa mita 12. Mifupa ya mnyama huyo ilianza kupatikana wilayani humo katika miaka ya 1920. Ipo pia habari ya taya la Uraha, lililopatikana mwaka 1991, la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi yapata miaka milioni 2.4 iliyopita. Maonyesho yanamchukua mtu kutoka enzi ya dinosaria mpaka siku za demokrasia ya Malawi, kwa mfululizo mmoja. Hapo ndipo penye akili. Aliyeyapanga hakutenganisha historia ya mawe na historia ya watu. Mwanakijiji anaingia kama mtu aliyekuja kuona mifupa, anatoka akiwa amejiona mwenyewe mwishoni mwa mstari mrefu.

Nilipotoka humo niliona wivu, sikatai. Ziwa ni lile lile, miamba ni ile ile, lugha zetu zinasikilizana. Hata hapa nchini wazo si geni tena: mwaka 2018 eneo la Ngorongoro na Lengai lilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya jiolojia ya dunia, ya kwanza kusini mwa Sahara. Kwa hiyo serikali yetu inajua kwamba jiwe linaweza kufundisha na kuingiza fedha. Naogopa tu kwamba tutayathamini mawe pale yanapoleta watalii, na kuyaacha bubu pale wanapoishi wenyewe. Mtalii akirudi kwao, ardhi ile haitamtikisa tena. Sisi tuko juu yake usiku na mchana.

Hapo narudi kwa fundi wangu. Nilimwambia kwamba mlima ndio uliotutikisa. Baadaye, wanajiolojia walipochunguza matetemeko yale, walieleza kwamba ufa uliokatika haukuwa ule mkubwa wa Livingstone tunaouona. Ulikuwa upande wa magharibi, chini ya nchi ya Karonga, mahali ambapo macho yanaona ardhi ya kawaida isiyotisha. Nyufa zilitokea juu ya ardhi, zikapita mashambani na penye nyumba. Mimi nilinyosha kidole kwenye kitu kikubwa kwa sababu kilikuwa kikubwa. Nilifanya kama yule kijana wa pangoni: nilitafuta kinachofanana na jibu.

Kwa mwashi tofauti hiyo si ndogo. Kama hatari iko mlimani tu, basi anayejenga bondeni hana wasiwasi. Lakini kama nyufa ziko pia chini ya tambarare, na kama udongo laini wa bondeni huzidisha mtikisiko kuliko mwamba mgumu, basi mtu wa Kyela ana sababu ya kufikiri juu ya msingi wake, juu ya matofali aliyoyashikanisha kwa tope, na juu ya mkanda wa zege unaofunga kuta zote nne kabla ya paa. Elimu ya ardhi ingeweza kufika kwenye nyumba kabla ya tetemeko. Kwetu ilifika baada yake, tena ikiwa na kosa.

Wapo wanaosema kwamba kuwaambia watu habari hizi ni kuwatia hofu. Jibu langu ni kwamba hofu ilikuwapo tayari, tulilala nayo nje Desemba ile. Hofu isiyo na maelezo hutafuta wa kumlaumu, na nilimsikia kwa masikio yangu mtu akitaja majina ya majirani zake kuwa ndio walioleta tetemeko. Jambo hilo lingeweza kuishia pabaya. Mtu aliyewahi kusimama chini ya ukuta wa Livingstone, akaelezwa jinsi ulivyokatika na kwamba bado unakatika, atatetemeka kama wengine, ila hatamtafuta mchawi.

Hadhari nyingine ni ya lugha ya tarakimu. Kuna wenzetu wanaodhani kwamba kibao chenye namba kubwa ndicho cha kisayansi. Miaka milioni mia na hamsini, milioni mbili, elfu arobaini: kwa msikilizaji zote ni "zamani". Namba haina budi kufungwa kwenye kitu. Mwaka 2005 watafiti walichimba tope la chini ya Ziwa Nyasa, wakagundua kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita palikuwa na nyakati za ukame mkali, na ziwa likashuka zaidi ya mita 500. Ukimwambia hivyo mvuvi wa Matema, atakubali kwa adabu. Mwambie badala yake kwamba palikuwa na wakati ambapo mtu angeweza kutembea kwa miguu mahali anapotega nyavu zake, na kuyafikia maji mbali chini huko kama anayeteremka mlima. Huyo atalala nalo usiku.

Basi nikitoa alama, maeneo yetu mengi ningeyapa nusu. Yana vifaa kuliko shule yoyote duniani, lakini yana walimu wachache. Dawa yake si ghali. Kila mahali pawe na kibao kimoja kwa Kiswahili chepesi, chenye swali moja la kutazama, maelezo mafupi ya wazee, na maelezo mafupi ya wanajiolojia, vyote vitatu pamoja. Vijana wanaoongoza wageni wafundishwe kusema "tazama" kabla ya kusema "hili ni". Na vyuo vya ualimu vihakikishe kwamba hakuna mwalimu wa jiografia anayehitimu kabla ya kupanda mahali, kuokota jiwe, na kuwaeleza wenzake limetoka wapi. Tulihimizwa tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwamba shule isijitenge na mazingira yake. Tulilima mashamba ya shule, na tulifanya vizuri. Udongo wenyewe tuliusahau.

Mwaka huohuo wa 2009 haukuisha kabla sijamwona tena yule fundi. Sikuwa bado nimejua kosa langu, kwa hiyo sikulisahihisha. Nililisahihisha miaka kadhaa baadaye, nilipokwenda kumtembelea akiwa kazini, amesimama juu ya jukwaa la miti, anafunga nondo za mkanda wa juu wa nyumba ya mtoto wake. Nikamweleza yote: ufa wa magharibi, udongo laini, na barafu ya Uswisi pia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufunga waya. Kisha akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, lilikuwamo kwenye mtihani."